Samaki wa Salima, Mkono wa Uvira

Mama,

Papa Safari hanisalimu tena kanisani. Nataka uijue sababu kutoka kwangu mimi.

Unamkumbuka, yule mfanyabiashara wa Bukavu anayekaa Biwi, mjini Lilongwe. Kwenye matanga yako aliomba sala ndefu kuliko mchungaji. Nililia, nikadhani alikupenda. Sasa hata ile sala naitilia shaka.

Nilipomaliza shule nilikaa kwenye meza yako sokoni, hapa kambini. Akaja na mfuko wa plastiki unaong'aa, umeandikwa "Ndagala za Uvira", dagaa wa kwetu Kongo, maneno yale yale uliyokuwa ukiitia wateja. Alitaka jina lisajiliwe liwe lake, auzie Wakongo walioko ng'ambo, na mwingine akilitumia ashtakiwe. Ningemsindikiza hadi ofisi ya serikali pale Capital Hill, Lilongwe, nimshuhudie, mimi mtoto wa yule aliyelivumisha. "We utasema ndiyo tu, mwanangu."

Mama Mdogo ndiye anayejua kuongea, lakini hakumtaka. Alinitaka mimi kwa sababu nanyamaza.

Mama Mdogo naye akamshuku, akatufuata Lilongwe bila kualikwa. Mama aliyetupokea ofisini alisikiliza, kisha akasema jina la mahali haliwi la mtu mmoja. Ni la watu wote wa pale, na kitu chenyewe lazima kitoke pale. Akauliza samaki wanatoka wapi.

"Uvira," Papa Safari akajibu haraka.

Mama Mdogo akatazama viatu vyake. Mimi nilikuona wewe, ukiosha usipa, dagaa wa ziwani Salima, hapa Malawi, kwa maji ya chumvi, ukiwaanika juu ya matete badala ya mchangani, ukicheka: "Samaki ni ya Salima, mukono njo ya Uvira." Kila mteja ulimpa mmoja atafune kwanza, asikie kama kuna mchanga.

Nikasema, "Salima." Sauti ilitoka ndogo, lakini alisikia.

Mama, sikumnyima jina yeye peke yake. Hata sisi hatuwezi tena kuliita lile jina. Sasa nauza "Usipa wa Mama Riziki". Mama mmoja wa Fizi, jirani na Uvira, alisimama mbele ya meza: "Kumbe mulikuwa munatudanganya?" Nilimpa mmoja. Alitafuna, akanunua, tena akadai na matabishi. Nikamwongezea kiganja kizima, kama ulivyokuwa ukifanya.

Kitu kimoja kinanisumbua. Nimezaliwa hapa Dzaleka. Ndagala za Uvira kwenyewe sijawahi kuzionja, nilikuamini tu. Nakuahidi, siku nikifika kule nitanunua kwa mtu wa pale, nitafune moja polepole, nijue kama mkono wako ulisema kweli.

Nikikuta ulituongezea chumvi kidogo, nitanyamaza. Kunyamaza najua.

Pumzika, Mama. Matete nimeyabadilisha, mchanga hauingii.

Mtoto wako,
Riziki