Jumapili za Sabiha

Matlock, Uingereza
4 Mei 2008

Mume wangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mafua ya mwanao yanakwenda na kurudi kama mgeni asiye na haya. Wewe na joto la Doha mnaendeleaje? Japheth, mwenzako wa chumbani, bado anakoroma?

Kwenye simu tukimaliza kuulizana hali tu, kadi nayo imekwisha, kwa hiyo habari ndefu nakuandikia. Hospitalini wamenizoea. Wauguzi wenzangu sasa wanaliita jina langu sawasawa, Riziki, si Rizoto tena, kama ule wali wa Kitaliano.

Jumapili tulikwenda shamba la kondoo. Douglas alitupeleka kwa gari lake. Sabiha kavaa mabuti ya mpira mekundu, kila penye tope lazima aingie. Wakampa chupa ya maziwa amnyonyeshe mwanakondoo. Kamshika shingo, kanitazama, kauliza, "Mama, baba yake yuko wapi?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Yuko Doha."

Nilicheka, kisha sikucheka.

Mvua ikatufukuza. Waingereza hawana habari: wanakaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, wanakula sandwichi na kuitazama mvua kama sisi tunavyotazama ngoma. Nasi tukala hivyohivyo. Mtoto wa miaka minne anaona hiyo ndiyo starehe kubwa kuliko zote duniani.

Mkeo,
Mama Sabiha


Al Mansoura, Doha
27 Mei 2008

Mama Sabiha,

Waalaykum salaam. Barua nimeipata, nimemsomea Japheth mambo ya kondoo, akacheka mpaka akamwaga chai. Anasema kwa lugha yake ya mtaani, "Huyo mtoi wako ni noma, bro." Huku afya njema, ila joto ukifungua mlango wa gari ni kama umefungua tanuri la mkate.

Nami natembea, usidhani. Ijumaa niliwapeleka wageni wa hoteli Umm Salal, kwenye mashamba. Kuna mbuzi, njiwa, na ngamia mmoja mkorofi aliyemvua mgeni kofia. Nikasema, Sabiha angekuwepo! Tangu nimwache Wete hajaanza kutambaa, nimemwona likizo mbili tu. Mwambie baba yake naye anajua wanyama.

Hela ya likizo ya mwakani naiweka kwa ajili ya paa la nyumba yetu Wete. Mabati tu ndiyo yaliyobaki.

Jambo moja dogo. Huyo Douglas ni nani?

Mumeo,
Baba Sabiha


Matlock
31 Mei 2008

Mume wangu,

Assalaam alaykum. Barua yako bado haijafika, lakini siwezi kungoja. Hatujambo, na mafua yamehama.

Jana tulipanda treni ya zamani ya makaa! Inapita mabondeni, moshi unaingia dirishani, Sabiha uso mweusi kama kapika kwa kuni. Douglas amemfundisha kupiga honi kwa mdomo, basi nyumba nzima sasa ni stesheni. Halafu Douglas kaanguka na aiskrimu yake, tumecheka mpaka machozi. Sijui ningefanya nini huku bila ya mtu huyu.

Andika haraka.
Mama Sabiha


Matlock
30 Agosti 2008

Idrisa,

Salaam. Mimi mzima, mwanao mzima. Wewe sijui, kwa sababu tangu ile ya Mei hujaniandikia, na ukipiga simu unazungumza kama karani wa bandarini: ndiyo, hapana, haya, kwa heri. Nimekwisha kukuandikia barua nyengine mbili.

Jana Japheth kanipigia. Kasema, "Shemeji, samahani nikiingilia, lakini huyu jamaa hali vizuri. Anadai umepata mzungu mwenye gari."

Sasa sikiliza. Douglas ana miaka sabini na minane. Alikuwa dereva wa basi, kama wewe na gari lako la hoteli. Masikioni ana vifaa viwili vya kusikia na bado hasikii. Mkewe, Bi Jean, ndiye anayemlea Sabiha nikiwa kazini, na kwenye gari hukaa mbele siku zote kwa sababu Douglas bila yeye hupotea. Niliandika "Douglas" nikidhani nimekwisha kukueleza kwenye simu, na swali lako nikalichukulia mzaha. Hilo kosa langu, nisamehe. Lakini miezi mitatu, Idrisa! Ulishindwa kuniuliza mara ya pili?

Nimekasirika, nakuambia wazi. Na si kwa ajili yangu tu. Wiki iliyopita Sabiha kachora familia yetu. Mimi nimo, yeye yumo, Douglas na Bi Jean wamo, mpaka mbwa wao yumo. Pembeni kachora simu. Nikamuuliza, na hii? Kasema, "Huyu baba."

Nakuwekea picha hiyo humu. Paa la Wete litangoja. Njoo.

Riziki


Al Mansoura, Doha
16 Septemba 2008

Mke wangu Riziki,

Assalaam alaykum na Ramadhani njema. Sijui nianze kwa salamu au kwa toba.

Nimeona aibu. Mzee wa miaka sabini na minane! Japheth amewahadithia jengo zima, sasa nikipita ngazini watu wananiita "Douglas". Nastahili. Ukweli ni kwamba sikukushuku wewe. Nilijishuku mimi. Nilikuwa nasoma jinsi mwanangu anavyocheka, na kila kicheko kina mtu mwengine ndani yake. Nikawa sina la kuandika.

Picha nimeibandika juu ya kitanda changu. Naitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi inaniuma.

Nimekwenda kwa supavaiza wetu, Cornelius, Mganda mmoja muungwana. Nikamwambia, likizo ya Aprili siendi nyumbani, nakwenda Uingereza. Kasema ataniombea kwa meneja ruhusa ya kutoka nchini, maana huku bila ya hiyo mfanyakazi hapandi ndege. Kisha kanitazama: "Una koti?" Sina, Riziki. Nitanunua.

Mnisamehe nyote wawili.
Baba Sabiha


Al Mansoura, Doha
3 Mei 2009

Mke wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefika salama. Afya njema, ila goti bado linauma, nawe unajua kwa nini.

Najua ulikuwepo na uliyaona yote, lakini niache niyaandike, nipate kuyaona tena.

Siku nne mwanangu alijificha nyuma ya sketi ya Bi Jean. Siku nne aliniita "mjomba". Nilimletea mwanasesere kutoka Doha, akamshukuru Douglas. Usiku wa nne nilikuambia nimechelewa, huyu mtoto si wangu tena. Ukanijibu, "Lala. Kesho tunakwenda mtoni."

Na ule mto, Riziki! Vile vilima vya kijani mpaka macho yanachoka. Mawe yamepangwa majini, watu wanaruka jiwe hadi jiwe. Nikajitia kijana, nikatangulia ili nimpe mkono. Jiwe la tatu likanitupa. Maji mpaka kiunoni, baridi ya kukata pumzi, koti jipya linaelea kama samaki aliyekufa.

Ndipo nikasikia sauti ukingoni: "Mama! Baba kaanguka! Baba karowa!"

Alikuja mwenyewe mpaka jiwe la pili, kainama, kanipa kimkono chake. "Njoo, Baba. Mimi nakushika." Anavuta kwa nguvu zake zote, meno nje. Nilikuwa naweza kupanda peke yangu. Nilikaa majini makusudi, aendelee kuvuta.

Siku kumi zilizofuata hakuniachia. Uwanja wa ndege aliponing'ang'ania mguu, yule askari wa mlangoni aligeuza uso.

Nimerudi kazini. Jana niliwachukua wageni Waingereza, baba, mama na kitoto, wanakwenda kutazama ngamia. Kitoto kimelala kwenye bega la baba yake. Niliendesha kilomita ishirini nikiwatazama kwenye kioo.

Leo nimemwambia Cornelius mkataba wangu ukiisha Disemba sisaini mwengine. Nina hofu, sikufichi. Miaka mitano nimekuwa mtu wa kutuma. Nikija huko nitakuwa mtu wa kupokea, mke ndiye anayetafuta, mimi natafuta kazi. Douglas alisema karakana yao ya mabasi huwa inahitaji madereva, lakini "huwa" si kazi. Niambie kwa ukweli kama utaweza kuvumilia mume wa namna hiyo.

Baba Sabiha


Matlock
21 Juni 2009

Mume wangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nipate kwanza la kukujibu. Fomu za viza yako nimezijaza, mwajiri wangu ameandika barua, zimekwenda Ijumaa.

Unauliza kama nitavumilia. Miaka mitano umetutumia wewe, sikukusikia hata siku moja ukiuliza kama sisi tunaona aibu kupokea. Zamu yangu sasa. Ukipata kazi mapema, vizuri. Usipopata, utampeleka Sabiha skuli, anaanza Septemba, na utajifunza kupika kitu kisichokuwa chapati za Japheth.

Leo tulirudi kwenye ile treni. Yule mama wa tiketi akatwambia kuna kadi ya familia, unapanda mwaka mzima, lakini lazima waandikwe watu wazima wawili. Nikamwambia basi, sisi tuko mimi na mtoto tu. Sabiha akapanda juu ya ubao wa kaunta, viatu na vyote. "Siyo wawili. Kuna baba yangu. Yuko kazini, anakuja."

Yule mama akamuuliza baba anaitwa nani. Akamtajia herufi moja moja kwa Kiingereza, I, D, R, akakwama, nikamsaidia. Foleni nyuma yetu imefika mlangoni, na hakuna aliyelalamika.

Kadi inaisha Juni mwakani. Kaishika mkononi njia nzima, hataki hata mimi niiguse. Anasema nikuandikie usichelewe, kwa sababu jina lako limeshaandikwa.

Mkeo,
Mama Sabiha