Kinyume cha Jua

Pubnico,
Desemba 2

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Wauguzi wamenisimulia unavyogombana nao kwa ajili ya supu, nikajua unapata nafuu. Huku sote tu wazima, na leo naliandika neno hilo kwa kushukuru.

Jumatatu, siku ya kwanza ya msimu, tulitoka gatini alfajiri na mitego ya kambakoche imerundikwa hadi juu. Niliigeuza mashua kufuata jua, kama ulivyotulea: kulia, daima kulia, maana ageukaye kushoto, kinyume cha jua, amejiitia msiba. Mdogo wangu Anselme akanitania kwamba hata nyumbani nazunguka meza kwa kulia.

Saa tatu tulikuwa tunashusha mitego majini. Kamba ya mtego ikamnasa Anselme mguu, ikamtupa baharini upande wa kushoto. Buti likamtoka mguuni, akaibuka. Mzee Onésime, baharia wako wa tangu zamani, akatupa boya, kisha akamnyooshea kidole asimpoteze kwenye mawimbi, wala hakupepesa jicho. Maji ya huku unayajua yalivyo baridi, Baba: dakika kumi tu, mikono haishiki tena.

Sasa nikiri. Nilizungusha usukani kulia. Nilijua kabisa kwamba mkia wa mashua ungemwendea Anselme, na panga za rafadha nazo, na bado niligeuza! Onésime akaningurumia, kidole bado kiko baharini: “Kushoto, we binti! Kushoto! Unataka kumuua kama baba yako alivyomuua Camille?”

Nikageuza kushoto. Tulimvuta Anselme midomo imekuwa ya bluu, anatukana kila mtu. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Tulipofunga gati nilimbana Onésime, akasema yote. Sisi tuliambiwa Baba Mdogo Camille alichukuliwa na wimbi. Kumbe alianguka upande wa kushoto, ukageuza kulia, rafadha ikampata. Onésime alikuona ukigeuza, akanyamaza, kwa kuwa naye aliliogopa jua. Analia mpaka leo.

Miaka thelathini na mmoja umelibeba jambo hili, na mimi nilikununia kwa sababu huendi kaburini kwa ndugu yako. Nisamehe. Siwezi kukulaumu, Baba. Mikono yangu ilifanya vilevile, ila mimi nilipata wa kunikaripia.

Wote hapa wanakusalimu, Onésime zaidi ya wote. Jumapili Anselme atakuletea pai ya viazi. Mshike mikono, ina joto. Kisha, ukiwa tayari, tutakwenda sote kwa Camille.

Binti yako akupendaye,
Léonie