Bomba la Mwanzi la Darasa la Sita

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Februari 1978

Mpendwa dada Hyasinta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ila joto la mwezi huu linanilaza na kanga iliyoloweshwa maji. Bi Zamzam, mwenye nyumba wangu, anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mtu anayeandikiwa barua ndefu hivi lazima awe mtu mwema.

Kazi hapa Jumba la Sayansi nimeizoea. Tunaandaa masanduku ya vifaa na kuyapeleka kwa walimu, ili mtoto ashike kitu kwa mikono yake badala ya kukariri. Lakini vifaa vyenyewe vinatoka nje ya nchi. Kikivunjika kimoja hakuna wa kukitengeneza, na sanduku zima linaishia chini ya meza ya mwalimu mkuu. Juzi kwenye kikao nilisema kwamba iko shule Newala ambako darasa la sita wametengeneza bomba la kuvuta maji kwa mwanzi na mpira wa baiskeli. Walinitazama kama ninaota.

Dada, naomba wewe na darasa lako mniazime bomba lenu kwa miezi miwili tu. Nitalipima, nitalichora, nitaandika maelezo, na kila mwalimu nchini ataweza kulitengeneza na watoto wake. Kisha litarudi. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Klara


Newala
26 Machi 1978

Mdogo wangu Klara,

Marahaba. Huku hatujambo. Kifua kimeniachia, na mama anauliza kama unakula. Mvua zimeikata barabara, barua yako imefika imelowa pembeni.

Nilitaka kukujibu siku ileile, lakini bomba si langu. Niliwauliza wenyewe, wakabishana kipindi kizima cha hesabu. Unajua maji yalivyo kwetu. Bomba lile ndilo linalotoa maji kwenye tangi la mvua la shule mpaka bustanini. Bila hilo ni kamba na ndoo. Sofia, yule binti aliyekata mpira wa ndani, alisema kitu kikienda Dar ndiyo kimekwenda. Wenzake wakamcheka kwamba yeye hata rula haazimi mtu. Nikawaambia anayeliomba ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Hapo wakanyoosha mikono kukubali. Sofia alinyoosha wa mwisho.

Nimempa binamu yetu Pius, anayekuja na meli kutoka Mtwara kutafuta kazi bandarini. Watalihitaji Juni, kiangazi kikianza.

Dada yako,
Hyasinta


Kariakoo
30 Julai 1978

Mpendwa dada,

Shikamoo. Mama hajambo? Nisamehe kwa kimya hiki. Pius alifika salama, amepata kibarua, anakaa Magomeni, na kila Jumapili anakuja kula kwangu kama mtu aliyetoka jela.

Nina habari kubwa. Wiki ya Sabasaba tuliliweka bomba kwenye maonyesho. Foleni ilitoka mlangoni mwetu mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja. Bwana Eliakimu, mkuu wetu, alipita na wageni kutoka wizarani, akaniuliza mbele yao, "Hili la nani?" Ningesema ni la dada yangu, wangenong'ona kwamba Klara analeta undugu kazini. Nikajibu, "La wananchi, mzee." Wakapiga makofi. Mgeni mmoja akasema hii ndiyo elimu ya kujitegemea. Dada, nilifurahi sana.

Sasa limewekwa ndani ya kabati la kioo karibu na mlango. Wamelipaka vanishi, linang'aa kama kitanda cha biarusi. Maelezo niliyochora yamechapwa na kutumwa mikoa yote. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Kuhusu kulirudisha, Bwana Eliakimu anasema tusiwe na haraka. Waambie watoto waone fahari.

Mdogo wako,
Klara


Newala
3 Septemba 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama alishikwa na malaria, sasa anapata nafuu. Wengine tuko wazima.

Niliwaambia watoto waone fahari. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hao wananchi ni akina nani?" Alikuwa ametoka kumwaga ndoo bustanini, shati limelowa mgongo mzima.

Mchicha umekauka. Niliwaomba watengeneze bomba jingine, wakasema nalo likitoka zuri litachukuliwa. Mimi nilisimama mbele yao nikatoa ahadi yako kama yangu, na kila nikiingia darasani naiona machoni mwao. Klara, lile si la kutazamwa. Lirudishe hata likiwa limevunjika, wenyewe watalitengeneza.

Dada yako,
Hyasinta


Kariakoo
28 Januari 1979

Mpendwa dada Hyasinta,

Shikamoo. Naomba Mungu mama awe amepona kabisa. Hapa mjini mazungumzo yote ni ya vita, na sabuni imeadimika. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwendea Bwana Eliakimu, na siku nzuri haikuja. Mwisho nilikwenda tu. Nikamwambia bomba ni la darasa la dada yangu, nililiazima, wanalihitaji. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema, "Kumbe la dada yako? Ungesema siku ile, ungelichukua kesho yake. Sasa wageni wa taifa zima wameshaonyeshwa kuwa ni la Jumba, binti yangu. Nitalitoaje?" Akaniuliza kama nina shida nyingine.

Lipo lingine, baya zaidi. Walimu wa Dodoma na Musoma wametuandikia. Wamefuata maelezo yangu na bomba halivuti. Nikaichukua karatasi yangu nikaitazama kama ya mtu mwingine. Nje ya bomba nilipima kila kitu. Ndani, kile kipande cha mpira kinachofunguka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kushuka, nilikichora kwa kukisia. Niliogopa kulifungua nisije nikaliharibu. Sasa vanishi imelifunga, na halifunguki bila kupasuliwa.

Nikaamua kutengeneza jingine niwaletee. Mwanzi niliupata sokoni. Mzee Awadhi, muuza baiskeli wa mtaani kwetu, alinipa mpira mkuukuu wa gurudumu, na siku hizi hata huo ni wa kubembeleza. Nikakaa uani na ndoo ya Bi Zamzam, nikavuta, nikakata upya, nikavuta tena. Bi Zamzam akaniambia, "Mwanangu, hilo linavuta hewa, na hewa tunayo." Nikacheka naye, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Niliogopa kusemwa kwa ajili ya undugu, nikakukana hadharani, tena nikakuandikia kwa furaha. Siku zote nafikiria jinsi ulivyoisoma barua ile. Tafadhali muulize Sofia mpira aliukata vipi. Nikishajua, nitalifanya kwa mikono yangu, na nitawaandikia upya walimu wote.

Mdogo wako,
Klara


Newala
18 Machi 1979

Mdogo wangu Klara,

Marahaba. Mama amepona, ameanza kwenda shamba. Mvua ni njema mwaka huu, tangi la shule limejaa mpaka juu. Nafurahi kwamba u mzima.

Niliwasomea barua yako, sehemu ya bomba tu. Nyingine ni yetu wawili. Sasa wako darasa la saba, wamekua. Walisikiliza kwa adabu. Nikauliza mpira ulikatwaje, nikamtazama Sofia. Akasimama, akasema, "Tumesahau, mwalimu." Nikawauliza wengine, nao wakasema wamesahau. Sikuwalazimisha. Mimi mwenyewe sijui. Siku walipolitengeneza nilikaa mlangoni nikawaacha wahangaike wenyewe, na nilijiona mwalimu hodari.

Mtihani wa muhula unakaribia, na bomba limo katika muhtasari wa somo la sayansi. Nimeichukua karatasi yako nikalichora ubaoni kama ulivyolichora, hata pale ndani ulipokisia. Wamenakili wote. Mistari yao imenyooka, na hakuna aliyeuliza swali.

Usiache kula.

Dada yako,
Hyasinta