Wanafunzi Wawili wa Lukumani

Ayivu, 9 Septemba 2023

Binti yangu Shamirah,

Assalam aleikum. Huku tu wazima. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, ukipata jua unanyamaza. Mdogo wako Medina amerefuka, gauni la shule limempanda magotini. Na wewe, ile homa ya mwezi uliopita imekuacha? Msalimie tajiri yako Night Poni. Mwambie namshukuru, maana Onzima, anayepeleka mihogo soko la Koboko, anasema hotelini kwake umenenepa.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na kwa sababu jambo lenyewe linanizidi kichwa. Watu wa shirika fulani walipita hapa kijijini nyumba kwa nyumba. Waliniuliza nalima nini, nani anasoma, nani ameacha shule na kwa nini. Nikadhani watatuletea mbegu. Jana wamerudi, yule kijana wao akaniambia, "Mzee, jina yako iko. Pesa itaingia kwa simu, mara mbili. Hakuna kurudisha."

Nikamwuliza, "Mnataka niifanyie nini?"

Akasema, "Utajua mwenyewe."

Nimekaa jeshini miaka mingi, binti yangu. Hakuna siku mtu aliniambia nitajua mwenyewe.

Jirani yetu Ayiko anasema hiyo ni pesa ya shetani, anayeila hafiki mwisho wa mwaka. Wewe uliye sokoni, kwenye watu wengi, unasikiaje?

Ni mimi baba yako,
Lukumani


Koboko, 17 Septemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Homa ilikwisha, nashukuru. Ujipake ile dawa ya mgongo niliyokutumia, usiiweke tu chini ya kitanda. Simu yangu ilianguka kwenye sufuria ya maharage. Night Poni alicheka mpaka akakaa chini, akisema wateja wa siku ile walikula mtandao.

Kuhusu hiyo pesa, chukua. Kuna mama anauza vitenge karibu na sisi, alipata msaada wa namna hiyo mwaka juzi. Amejenga choo, amenunua mbuzi, na bado anagombana na wateja kila siku. Shetani hajamfikia. Mwambie Ayiko hivyo.

Ila nakuomba neno moja. Novemba Medina anafanya mtihani wa kumaliza primari. Mimi shule zilipofungwa kwa sababu ya corona nilikuwa Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari. Mwaka ule ule Mama akatutoka. Shule zilipofunguliwa mimi nilikuwa tayari naosha sahani hapa, na ulikuwa huna njia nyingine. Sina kinyongo, Baba. Lakini Medina asioshe sahani za watu. Ndugu zako watakuja na maneno yao, nunua ng'ombe, leta mke mwingine nyumbani. Wape chai, wanywe, waende zao.

Mtoto wako mkubwa,
Shamirah


Koboko, 3 Desemba 2023

Baba,

Salaam aleikum. Natumaini u mzima, maana kwa mdomo wako sijasikia. Nimetuma salamu kwa Onzima mara kadhaa, hujajibu.

Nitasema yaliyo moyoni. Onzima anasema kila mara anakuona mjini Arua, umevaa lile koti la kijivu ulilovaa siku ya kumwoa Mama, viatu vimepakwa rangi. Akikuuliza unakwenda wapi unasema, "Shughuli." Mke wa Ayiko alikuja sokoni, akasema na pesa ya pili imekwisha kuingia.

Kama unaoa, Baba, oa. Mtu hazuiwi kuoa. Lakini kwa nini nisikie kwa mwenye mihogo? Na kama pesa ya Medina imekwenda kwenye mahari, uniambie wazi, ili mimi nitafute kazi ya pili hapa. Tena Idi ijayo usinitazamie nyumbani.

Shamirah


Ayivu, 10 Desemba 2023

Binti yangu, mama yangu mdogo, Shamirah,

Aleikum salaam. Nilisoma barua yako nikacheka. Nikaisoma tena, sikucheka.

Siku ile wewe ulipoacha shule hukulia mbele yangu. Ulikunja sare, ukampa Medina, ukauliza maharage yako wapi yachaguliwe. Jambo hilo limekaa nami.

Pesa ya kwanza nilinunua vyombo vyangu mwenyewe vya kutengeneza baiskeli, na spea. Zamani nilikuwa naazima spana kwa watu, siku nyingine nanyimwa. Sasa baiskeli zote za njia panda zinakuja kwangu, hata zile za kutoka Ajia. Kazi hiyo ndiyo itatulisha na kutuendesha baadaye. Pesa ya pili nimeiweka kwa ajili ya ada ya shule. Sikuiweka kwa ajili ya Medina peke yake. Ni ya wawili.

Shughuli ya Arua ilikuwa kukutafutia shule, na koti nililivaa kwa sababu mzee mwenye shati la viraka huachwa getini. Mwalimu mkuu wa kwanza aliniambia, "Mzee, binti wa umri huo amepitwa." Wa pili akasema nikutafutie chuo cha ushonaji. Ushonaji si vibaya, lakini mimi sikuwa nimeomba ushonaji. Wa tatu ni mwanamke, anaitwa Madam Filda. Yeye hakuuliza umri. Aliuliza, "Mwenyewe anataka?"

Nikasema unataka. Nilisema hivyo bila kukuuliza, unisamehe.

Amekubali, lakini kuna jambo gumu. Anasema masomo yamebadilika tangu corona, vitabu ni vingine, kwa hiyo ni lazima uanze upya Senior One. Nilimbembeleza akuweke hata Senior Two, akakataa kwa upole. Maana yake, Medina akifaulu mtakaa darasa moja, wewe na mtoto uliyemfundisha kufunga vifungo.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa wote wangenikatalia. Ulikwisha kukatizwa masomo mara moja. Sikutaka nikuonyeshe mlango halafu ufungwe mbele ya uso wako.

Hakuna mke mpya. Nani atakaa na mzee anayenuka grisi?

Baba yako


Ayivu, 28 Januari 2024

Shamirah binti yangu,

Assalam aleikum. Idi haijafika lakini mimi natazama njia kila gari la Koboko likipita. Tangu Desemba sijapata mstari kutoka kwako. Onzima anasema u mzima, unafanya kazi kwa nguvu, ukipewa habari zangu unaingia jikoni.

Matokeo yametoka. Medina amefaulu vizuri. Alikimbia kutoka shule mpaka nyumbani bila viatu, viatu ameshika mkononi.

Nilimwuliza kama ataona aibu kukaa darasani na dada yake. Akanitazama kama kwamba mimi ni mjinga. "Baba," akasema, "na nani ataniamsha asubuhi?"

Shule zinafunguliwa mwanzo wa Februari. Madam Filda atakuwekea nafasi mpaka Ijumaa ya wiki ya kwanza, basi. Kama hutaki, andika neno moja, "sitaki", nitaelewa, na wala sitakuuliza sababu. Kunyamaza kwako ndiko kunaninyima usingizi.

Wako siku zote,
Baba


Arua, shuleni, 18 Februari 2024

Baba yangu,

Assalam aleikum warahmatullah. Medina mzima, yupo hapa karibu nami anakula karanga zangu. Mgongo je?

Najua Onzima amekwisha kukuambia kwamba Koboko sipo, na najua moyo ulikuruka. Tulia. Angalia hapo juu barua imeandikwa wapi.

Nisamehe kwa barua ile ya koti. Baada ya kusoma jibu lako nilishindwa kuandika, kwa sababu niliogopa. Kazi ya hotelini naijua hata gizani. Hesabu nimesahau. Niliona ni heri watu waseme sikupata nafasi kuliko waseme nilipata nikashindwa. Night Poni nilipomwambia alininunia siku nzima. Jioni akaleta godoro na beseni, akasema, "Likizo utarudi kunisaidia. Sasa ondoka kabla sijabadili mawazo."

Nilifika ile Ijumaa ya mwisho, jua likielekea kuzama. Mlinzi wa getini akaniuliza nimekuja kumtembelea mtoto gani. Nikamwambia, "Mimi mwenyewe."

Jumatatu sare yangu ilikuwa bado kwa fundi. Niliingia darasani kwa gauni langu la kitenge, vitabu kifuani. Watoto wote wakanyanyuka kwa pamoja wakaniamkia, "Madam!" Medina naye alisimama, anauma midomo asicheke. Baba, ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu.

Nikawaambia, "Kaeni."

Wakakaa. Nikaenda mpaka benchi la Medina, akasogea pembeni kunipa nafasi, na mimi nikakaa.

Binti yako, mwanafunzi wa Senior One,
Shamirah