Kitanda Kilicho Nje ya Ramani

Recife, 3 Juni 2019

Naomba baraka yako, Mama. Goti linaendeleaje huko Caruaru? Mimi mzima. Ijumaa nimetoka gerezani. Miezi saba iliyobaki naimalizia nyumbani, nikiwa na kikuku cha mahakama mguuni. Nikitoka nje ya nyumba, kinatetemeka na ofisi inapiga simu.

Ajabu ni kwamba kinatetemeka nikiwa ndani. Jana afisa kapiga: "Valdenice, umetoroka?"

"Nimetorokea kitandani kwangu, bwana."

"Mashine inasema uko mita mia mbili kutoka kwako."

Kosa nimeligundua. Kwenye fomu niliandika anwani ya duka la mikate la Adauto, kama tunavyoandika sote huku mlimani, maana tarishi hapandi ngazi. Kwa mahakama, mimi naishi ndani ya tanuri.

Mwanao,
Valdenice

Caruaru, 10 Juni

Mungu akubariki, mwanangu. Goti lipo, linauma. Mama yako mdogo anakusalimu.

Sasa nisikilize. Ulimpiga mgambo wa soko kwa kikaango chako cha vichapati vya tapioka, ukaishia ndani. Kiburi hichohicho kitakurudisha. Shuka ukalale kwa Adauto, juu ya magunia ya unga, unyamaze.

Mama yako

Recife, 19 Juni

Naomba baraka yako, Mama. Silali kwenye magunia. Nilifungwa kwa kumpiga mgambo, na hilo nalitumikia. Sikufungwa kwa kuishi mlimani.

Juzi nilipoitwa mahakamani, nimemwomba hakimu aandike nyumba yangu. Akasema, "Uchochoro huo haumo kwenye ramani."

"Basi uchoreni, mheshimiwa."

Karani kacheka. Hakimu hakucheka. Anataka bili ya umeme yenye jina langu, na wewe wajua waya wetu umeunganishwa kwa siri. Ama mashahidi wawili. Adauto yuko tayari: "Nitasema huyu kwangu hununua mkate tu, tena kwa kelele." Majirani wengine wanaogopa kuulizwa habari za waya wao. Nisipompata wa pili kufikia Jumatatu, tarehe mosi Julai, narudi ndani.

Mwanao,
Valdenice

Caruaru, 24 Juni

Mungu akubariki. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mama yako mdogo katukana tusi ambalo siliandiki.

Sahau habari ya magunia. Nilikuzaa katika chumba kile, juu ya kitanda kile, hakimu wako akiwa bado ananyonya. Nataka aniambie usoni kwamba hakipo. Jumapili asubuhi napanda basi.

Usijibu. Barua haitanikuta.

Mama yako