Mwadi Ameanza na Jino la Juu

Mama,

Mwadi ameniuma. Nilikuwa ninamunyonyesha nyuma ya nyumba, akili yangu iko ku sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yanachemka, na yeye akafunga kinywa kama mutu anayekata uzi. Nikapiga kelele mpaka kuku zikakimbia. Yeye akaniangalia, akacheka. Mama, mutoto huyu anapenda sana kunicheka.

Najua hapo ulipo umeshakaa wima. Najua unauliza: juu ao chini? Nitakuambia. Lakini kwanza pokea habari zingine, maana wewe mwenyewe ulikuwa humupendi mugeni anayefika na shida zake kabla hajaomba maji ya kunywa.

Mutoto ni mwanamuke. Ulimuacha mu tumbo, amekuja na mvua za kwanza. Mama-mukwe alitaka tumupe jina la marehemu dada yake. Tukalitaja, mutoto akalia na kukataa titi. Tukataja jina la shangazi, akalia zaidi. Tukataja Mwadi, jina lako, akanyamaza na kunyonya. Bamama bote bakasema basi, mwenyewe amerudi. Mimi ninafikiri alikuwa amechoka kulia tu, lakini sikufungua mudomo, maana ndilo jina nililokuwa ninalitaka.

Tangu siku ile hakuna anayeniita jina langu tena. Mimi ni BanaMwadi, mama yake Mwadi. BanaMwadi, leta kikapo. BanaMwadi, mbwa anakula samaki yako. Ulipokufa jina lako lilipotea hapa Nchelenge. Nilikuwa ninalisema peke yangu nikienda kuchota maji, nisilisahau. Sasa linapigiwa kelele ku ziwa muchana kutwa, na batu banaolipigia kelele bananuka samaki. Ungefurahi.

Mambo mengine ni kidogo. Bazungu banasema sasa tuko mu Federesheni, inchi tatu zimefanywa moja. Sabuni ni ile ile. Mugiriki mununuzi bado anatuma mashua kuchukua samaki zetu zinazoitwa pale, na bado anasema ni ndogo, hata zikiwa za kujaza beseni. Mume wangu Chola amechonga mutumbwi mupya, unapinda kidogo kushoto, lakini usimuambie mutu. Jioni anamuimbia mutoto kwa Kibemba, na sauti yake unaijua. Mutoto anamusikiliza kwa huruma. Mimi ninamusemesha Kiswahili chetu cha ng'ambo ya ziwa, ili siku ukija kumugombeza mu ndoto asikie.

Na Mama, kwa nini hukuniambia? Uliniambia uchungu wa kuzaa, uliniambia usingizi utakwisha, uliniambia mugongo utauma. Raha hukunitajia. Ninamuosha mu beseni yako ile ya maua, anapiga maji kwa mikono miwili mpaka mimi ndiye ninayeoga. Ninamufunga ku mugongo nikipasua samaki, na nikimushusha ninakuta magamba yamemukauka ku shavu, na yeye analala tu. Anamuita mbuzi wa jirani kwa sauti ya kuamuru. Nyuma ya shingo yake kuna harufu ambayo siwezi kukueleza. Nikiinusa ninasahau kama nilikuwa ninaenda wapi. Nikimuosha ninamuambia geuka, Mama, inua mukono, Mama, maana kukuita Mwadi hivi hivi ninaona haya. Sijui nitamuchapaje siku atakapovunja chungu. Ona mashaka yangu.

Sasa jino.

Unajua namna banavyongoja jino la kwanza. Mama-mukwe ni mwema, sina neno juu yake, lakini tangu mutoto ameanza kutoa mate, kila asubuhi alikuwa ananawa na kupitisha kidole ku ufizi. Bamama ba kanisa nabo ni vile vile. Banaimba, banaomba, tukitoka banamubusu mutoto na kidole kinaingia. Hapa ni kama kule kwenu Pweto: mutoto akiota jino la juu mbele ya la chini, banamuita chinkula, banasema ameleta kifo mu jamaa. Zamani alipelekwa ku maji, na aliyemupeleka alirudi mikono mitupu. Misheni imekataza, boma ya serikali imekataza. Lakini hakuna anayeweza kukataza jicho. Mutu akifa ataangaliwa yeye, nyavu zikirudi bila kitu ataangaliwa yeye, na hakuna mama atakayemuacha mutoto wake acheze naye.

Ninakumbuka siku nilipokuambia nina mimba. Ulikuwa unalala ku mukeka, kifua kinakusumbua, kikombe cha chai mukononi. Ulicheka, ukakohoa, ukasema: "Wewe ulianza juu. Na mimi niko hapa ninakunywa chai." Nilifikiri ni homa. Kisha ukanieleza yote. Kule Pweto, jino langu lilipotoka, ulisema nina vidonda mu kinywa. Kila mutu akifika ulinifunika na titi, hata kama nimeshiba mpaka ninatapika, na siku shangazi mumoja alipoanza kuuliza sana ukanifunga ku mugongo, ukapanda mutumbwi wa bachuuzi, ukavuka ziwa kuja kwa batu usiobajua. Hukurudi tena kwa mama yako.

Ndipo nikaelewa. Maisha yangu yote uliniambia: "Funika mudomo ukicheka." Nilifikiri ni heshima. Nilikuwa na meno yote thelathini na kitu, mutu mukubwa, mwenye ndoa, na ulikuwa bado unanificha.

Ni la juu, Mama. Moja, jeupe, kama punje ya muchele. Nililigusa, nikaligusa tena.

Mama-mukwe alifika na kidole chake, na mimi nikafanya ulivyofanya. Nikamusukumia mutoto titi nikasema ana vidonda mu kinywa, usimuguse. Uongo ulitoka na sauti yako kabisa. Akaenda. Mimi nikabaki ninamuangalia Mwadi, ananyonya kwa hasira kwa sababu hakuwa na njaa, na nikajiuliza nitavuka maji gani mimi. Wewe ulikimbilia huku. Huku ndiko kwangu.

Asubuhi yake nikaenda ku ziwa, pale tunapopasulia samaki. Bamama bote balikuwa pale, mama-mukwe katikati yao na kisu. Nikamugeuza Mwadi uso kwao, nikamutekenya ku tumbo, akacheka, kila mutu akaona. Nikasema ameanza juu. Nikasema hata mimi nilianza juu, mama yangu alinificha. Nikasema nimepika mu harusi zenu, nimelia mu misiba yenu, nimebeba batoto benu ku mugongo mulipokuwa bagonjwa. Munionyeshe mutu niliyemuua.

Visu vilisimama. Mama mumoja akachukua kikapo chake akaenda kukaa mbali, na mpaka leo hajarudi karibu na mimi. Nitamungoja.

Mama-mukwe aliweka kisu chini. Akanawa ziwani, polepole, akaja, akaingiza kidole. Mwadi akakiuma. Mama, haki ya Mungu, aliuma kweli, mama muzima akaruka nyuma na kusema: "Mayo, mama wee, huyu atakula mpaka mifupa." Halafu akamutoa mikononi mwangu, akamufunga ku mugongo wake mwenyewe, mbele yao bote, akarudi ku samaki zake kama hakuna kitu.

Bakaanza kucheka, mumoja, halafu wa pili. Na mimi kicheko kikanipata, cha tumboni, kile ulichokuwa unakiogopa. Mukono wangu ukapanda wenyewe kama ulivyoufundisha. Ukafika ku kidevu. Nikaurudisha chini, Mama, nikacheka hivyo hivyo, meno yote nje.

Sikulaumu. Titi lako na ule mukono ndivyo vilivyonifikisha hapa. Lakini kazi hiyo umeimaliza, pumzika sasa. Ninakuahidi kitu kimoja: mutoto mwenye jina lako hatafunika kinywa chake. Atakapocheka, sikiliza. Atacheka kwa sauti ya kufika Pweto.

Lala muzuri, Mama.

Mimi mutoto wako,
BanaMwadi