Chengachenga kwenye mkono wa Jomel

Ditas, sikia haya. Wamempiga mjukuu wangu! Jomel! Pale pale ulingoni wanapopiganisha majogoo, nilipokuwa napiga picha!

Jogoo wa Berting kakutwa kachinjwa bandani. Berting akaninyang'anya kamera, akaikuza picha ya Jomel. "Tazama mkono wake, bibi! Damu hii!"

Damu, Ditas! Zile nukta nyekundu! Si chengachenga za kamera tu? Mle ndani kiza, ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, niliipandisha mpaka mwisho.

Yeye na wenzake wakamtia ngumi, wakamkanyaga mdomo mpaka jino likang'oka. Berting kashika panga. "Mkono uliochinja naukata!"

Kamera yangu unaijua, unachungulia kidirisha cha pembeni, huoni kama lenzi ina kifuniko. Hukosi kunicheka. Basi leo tena nilipiga picha moja bila kutoa kifuniko. Nikampokonya kamera, nikaifungua hiyo. Giza tupu, na nukta nyekundu zilezile, mahali palepale.

"Haya, Berting, na hapa nani kachinja?"

Akaangalia. Akarudi kwenye picha ya Jomel, akaangalia tena. Panga likashuka. Hata pole hakusema!

Jomel kalala hapa kwangu, uso umevimba. Jino lake nimelitia ndani ya kile kifuniko.